Barua Mbili za Posa, Mwandishi Mmoja

Kwa aliyekuwa safarini wiki zote hizi, ngoja nimfupishie aibu zangu, asije akadhani anasoma habari za mtu mwenye akili timamu.

Jina langu Uwesu. Nauza nafaka soko la Majengo hapa Dodoma, ulezi na uwele zaidi, na nimepanga chumba Miyuji. Kazi yangu ya pili, isiyonipa hata maji ya kunywa, ni kuchambua habari za teknolojia kwa sauti kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyabiashara wa sokoni. Tuko watu mia mbili na arobaini. Hakuna aliyenichagua kuwa mchambuzi. Nilijichagua.

Mnakumbuka nilivyojirekodi mubashara nikiichambua simu mpya, kumbe kamera ilikuwa inatazama upande wa pili, watu mia mbili wakaangalia magunia kwa dakika arobaini. Halafu mara ya mwisho niliwaambia kwamba nimempenda Stumai, binti wa Busi kule Kondoa, anayeleta sokoni ulezi wa nyumbani kwao, na kwamba nimeamua kupeleka posa.

Leo nasimulia nilivyoipeleka. Kaa chini kwanza.

Siku mkasa ulipoanza niliamka kama siku zangu zote, kwa kushika simu na kuwaamsha watu.

"Wana kikundi, dunia imeamkaje? Nimesoma kuna kampuni imetoa simu inayokunjwa mara tatu. Mara tatu! Mimi hata leseni ya biashara nikiikunja mara tatu inachanika. Tajiri mmoja naye anasema binadamu tutahamia sayari nyingine. Sina ubishi, ila aanze na njia ya kwetu. Akifika Busi wakati wa masika bila kuvutwa na ng'ombe, nitamwamini. Na ninyi mnaoniuliza picha zenu zilizofutika ziko wapi, nimeshawaambia, ziko mawinguni. Hapa Dodoma mawingu yenyewe tunayaona miezi minne kwa mwaka, kwa hiyo mtajijua."

Hilaria, muuza vitunguu jirani yangu, Mgogo asiyenionea huruma, akanyanyua kichwa.

"Mtani, hivi hiyo posa unapeleka au umeamua kuisoma redioni?"

"Napeleka."

"Barua umeandika?"

"Naiandaa."

"Unaiandaa tangu Jumatatu. Ingekuwa ujenzi wa ghorofa tungeshaona nguzo."

Nikacheka, lakini alinigusa penyewe. Mshenga wangu, Mzee Habibu, mtu wa Kondoa anayeswali msikiti mmoja nami Miyuji, alikuwa amenipa sharti moja tu: barua iandikwe kwa mkono.

"Barua ya kuchapwa ni ya mahakama," aliniambia. "Wazee wakiiona watatafuta wakili."

Sasa oneni maajabu. Mimi ninayeongea mpaka chaji inaisha, niliketi na karatasi siku tatu. Nikaandika Assalaam aleikum. Nikaisoma. Nikaona imekaa vizuri. Nikakwama hapo hapo.

Siku ya nne nikaiuliza akili mnemba. Nikaiambia, niandikie barua ya posa, ya heshima, ya Kiislamu, kwa wazee wa Kondoa. Jamani, sikumaliza kupiga chafya, barua imekuja! Imekuja na bustani, imekuja na ua lenye harufu nzuri, imekuja na dua mwanzo na dua mwisho. Mimi mwenyewe nilijipenda kwa ile barua.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaibandika kwenye kikundi.

"Someni hiyo!" nikawarekodia. "Mababu zetu walikuwa wanatafuta wazee watano kuandika kitu kama hiki. Sasa ni dakika moja. Mwenye posa yake anakili, anabadilisha jina, anaoa. Zama zimebadilika, msije mkasema sikuwaambia."

Watu wakamimina makofi na mioto. Hilaria akaandika, "Haya, na ndoa nayo itakuja na chaji yake?" Mudrick hakuandika chochote.

Mudrick ni fundi simu. Kibanda chake kinatazamana na duka langu. Kwa siku nzima maneno yake hayazidi kumi, na matano kati ya hayo ni "njoo uchukue kesho." Siku zote nilimhesabu kama sehemu ya meza yake.

Basi nikaichukua kalamu ya bluu, nikainakili ile barua herufi kwa herufi. Niliharibu karatasi nne. Ya tano ikatoka safi, nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwenye leso nyeupe, nikampelekea Mzee Habibu. Kwa bahati mbaya goti lilikuwa limemkamata. Akaniambia nisubiri wiki moja lipoe.

Nikasubiri. Haraka ya nini, nikajiambia, ulezi hauoti miguu.

Mzee Habibu aliondoka Alhamisi. Jumamosi mchana akarudi, akaja moja kwa moja dukani. Leso ile ile ilikuwa mkononi mwake, imefungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakukaa. "Uwesu, mimi nimekuwa mshenga wa ndoa arobaini na moja. Nimewahi kukataliwa. Nimewahi kufukuzwa na mbwa. Sijawahi kuambiwa kwamba barua niliyoleta wameshaisoma wiki iliyopita."

"Vipi tena, mzee?"

"Nilifika, nikakaribishwa, nikala. Ikafunguliwa, ikaanza kusomwa. Mstari wa pili tu, wanawake ndani wakaanza kuimalizia."

"Kuimalizia vipi?"

"Msomaji akisema 'tumebisha hodi katika bustani yenu,' wao wanaitikia 'tukaona ua lenye harufu nzuri.' Kama kasida, Uwesu! Wanaijua kwa kichwa!"

Nikakalia gunia la uwele. Nikatazama kibanda cha Mudrick ng'ambo ya njia, kilikuwa kimefungwa.

"Wazee wanakuita," akamalizia Mzee Habibu. "Mwenyewe. Kesho baada ya adhuhuri. Na mimi nakwenda, kwa sababu jina langu nalo limeshachafuka."

Njia nzima kwenda Busi hakunisemesha. Nami, kwa mara ya kwanza tangu ninunue simu, sikuwa na maoni juu ya jambo lolote.

Tulipofika, uani pametandikwa mkeka. Ameketi Mzee Suleiman, baba mkubwa wa Stumai, ndiye anayesimamia mambo kwa kuwa baba yake mzazi anaumwa. Pembeni yake wazee wawili. Na pembeni ya wale wazee, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, Mudrick.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba. Kaa."

Mbele yetu kulikuwa na barua mbili. Moja yangu, kwa kalamu ya bluu. Nyingine kwa kalamu nyeusi. Mzee Suleiman akavaa miwani, akasoma ile nyeusi mpaka mwisho. Akaiweka chini. Akasoma ya bluu. Bustani ile ile. Ua lile lile. Dua zile zile. Wanawake walikuwa wamekaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na nilisikia kabisa mmoja wao akiumeza mcheko.

"Vijana," Mzee Suleiman akasema, "ya Mudrick ilitangulia kwa siku tano. Kwa hiyo, Uwesu, kwa hesabu zetu za kijijini, wewe ndiye mwizi."

"Mimi?" Sauti yangu ilipanda juu kama ya kuku. "Mzee, huyu ndiye ameiba kwangu! Niliiweka kwenye kikundi, akainakili! Muulizeni!"

Wote wakamgeukia Mudrick.

"Ni kweli," akasema. "Alisema mwenye posa anakili."

Basi. Mzee mmoja akaniuliza, "Ulisema hivyo?" Nikasema nilisema, ila sikuwa na maana ya posa hii. Akaniuliza, "Posa ipi nyingine uliyokuwa nayo?" Nikaona huko ndiko kuzama.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao mpaka leo nikiukumbuka nikiwa naoga, nasimama.

"Wazee wangu," nikasema, "ninao ushahidi kwamba yangu ndiyo ya asili. Angalieni mwisho kabisa, chini ya jina langu. Kuna mstari mmoja. Kwenye ya Mudrick haupo."

Mzee Suleiman akaisogeza karatasi karibu na miwani. "Huu mstari tuliuona. Unasema: 'Je, ungependa niifanye barua hii iwe fupi zaidi, au niongeze ucheshi kidogo?'"

"Huo huo, mzee!"

"Tuliupenda sana," akasema Mzee Suleiman, na alikuwa hatanii. "Tukasema, kijana gani huyu mnyenyekevu, analeta posa na bado anawauliza wazee kama wameridhika. Tukakaa kikao. Huyu bwana hapa alitaka iwe fupi. Mimi nikasema aongeze ucheshi. Tulikuwa tunasubiri utuletee."

Mzee Habibu, mshenga wangu, akafumba macho.

"Sasa, mzee wangu, huo mstari... huo mstari si wangu. Ni wa mashine. Mashine ikimaliza kuandika huwa inauliza hivyo. Mimi niliunakili pamoja na barua kwa bahati mbaya. Mudrick aliukata. Kwa hiyo mnaona kwamba barua imeanzia kwangu."

Nikatabasamu, wallahi. Nilitabasamu kwa ushindi. Kimya kikakaa uani mpaka nikaanza kukisikia nilichokisema.

"Kwa hiyo," Mzee Suleiman akasema taratibu, "unatuthibitishia kwamba huyu mwenzako aliiba barua kwako."

"Ndiyo, mzee."

"Na kwamba wewe hukuiandika."

Nyuma ya pazia mcheko ulioumezwa ukatoka wote, ukatoka na wenzake. Mimi mchambuzi wa mambo ya dunia nimefunga safari kutoka Majengo mpaka Busi kuja kujishtaki na kujihukumu kwenye mkeka mmoja.

"Haya," akasema Mzee Suleiman, akazikunja barua zote mbili na kuzitia chini ya kanzu yake. "Mmoja kaiba kwa mwenzie, mwingine kaiba kwa mashine. Karatasi tuziache. Sisi tutasikia kwa midomo, na binti mwenyewe asikie. Mudrick, kapumzike nje kidogo. Uwesu, tuanze na wewe, wewe ndiwe muongeaji."

Mudrick akainuka, akatoka nje ya ua. Pazia likasogezwa. Stumai akatoka na shangazi yake, amejitanda ushungi wa kijani, akaketi kwenye kigoda kando yake. Hakunitazama. Mimi nilimtazama nikasahau niko wapi.

"Tueleze," akasema mzee. "Mabinti wamejaa Kondoa nzima. Kwa nini huyu wetu?"

Nikakohoa. Nikaanza kwa ile sauti yangu ya kikundi.

"Kwa maoni yangu, wazee wangu, suala la ndoa katika zama hizi za..."

"Uwesu," Stumai akasema. Alisema jina tu, kwa sauti ya kawaida. Nikakatika kama umeme.

Mzee Habibu alinisukuma kwa kiwiko. Halafu maneno yakaja yenyewe, tena mabaya mabaya, yasiyo na bustani.

"Siku ya kwanza alipoleta ulezi dukani," nikasema, "nilikuwa nahutubia watu. Naisifia simu fulani na kuiponda nyingine. Watu wanacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, hiyo simu umeshawahi kuishika? Nikasema hapana. Akasema, sasa unaijuaje? Akapima ulezi wake, akaondoka."

Mzee mmoja akaguna.

"Mzee wangu, mimi ni mtu wa kuchekesha watu. Watu mia mbili na arobaini wananisikiliza kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama ninachokisema nakijua. Niliumia. Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaanza kusubiri siku zake za soko. Nikimwona anakuja nasafisha duka. Nikitaka kusema uongo, namkumbuka, nausema nusu. Sijui kueleza vizuri. Nampenda. Barua ilinishinda kwa sababu hiyo, kila nilichoandika nilimwona ananiuliza unajuaje."

Nilipomaliza nilikuwa natokwa jasho kama nimebeba magunia. Shangazi yake Stumai alijipangusa macho kwa ncha ya kanga. Mzee Suleiman akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya ndiyo ungeandika," akasema.

"Nayajua sasa, mzee."

"Stumai, mwanangu. Umemsikia. Una neno?"

Hapo akanitazama. Na katika yale macho, jamani, mimi nisiyejua kitu niliona kitu. Niliona nimekaribia.

"Ninalo moja," akasema. "Uwesu, baba yangu amepooza upande mmoja tangu mwezi wa Ramadhani. Mama alishatangulia. Kaka sina. Mimi ndiye namgeuza, namlisha, na mimi ndiye nalima. Sitamwacha. Atakayenioa ataishi hapa, nyumba hii, Busi. Si kuja Ijumaa na kurudi Jumapili. Hapa. Utakuja?"

Swali lilikuwa na neno moja tu la kujibu.

Lakini nyinyi mnaijua jamii yetu. Mwanamume kuhamia ukweni! Kwetu anasemwa ameolewa. Nikamwona Hilaria anacheka mpaka vitunguu vinamwagika. Nikaliona duka langu lina mtu mwingine. Nikaisikia asubuhi ya Majengo inaamka bila sauti yangu, na hakuna anayeuliza niko wapi. Nikamwona mzee wa watu ndani kitandani, simjui, namgeuza ubavu. Vyote hivyo vilipita, na Stumai anangoja.

Mimi mwenye maoni juu ya sayari nyingine. Mimi niliyekwisha kuwaambia matajiri wa dunia wafanye nini na pesa zao, bila kuulizwa. Kwa mara ya kwanza maishani nimeulizwa kitu na mtu anayetaka jibu langu.

"Naomba..." nikasema. "Naomba nipewe muda kidogo nifikirie."

Mzee Habibu alishusha pumzi ndefu.

Stumai hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Aliitikia kwa kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyeambiwa dawa imeisha dukani.

"Una haki," akasema. "Fikiria."

Halafu akamgeukia baba yake mkubwa.

"Baba mkubwa, mwiteni Mudrick."

Mudrick akaingia, akavua viatu, akaketi mahali nilipokuwa nimekaa mimi, maana mimi nilikuwa nimeshasimama na sijui kwa nini. Hawakumuuliza kwa nini Stumai. Stumai mwenyewe hakungoja wazee. Akamweleza habari ya baba yake, ya nyumba, ya Busi, na akamuuliza swali lile lile, kwa sauti ile ile.

Mudrick alifikiri kwa muda wa kufunga kifungo kimoja cha kanzu.

"Nihamie lini?" akauliza.

Wazee wakatazamana. Shangazi akashika mdomo.

Stumai hakumjibu. Alikuwa ananitazama mimi, bado anangoja jibu langu.